Mkono Ndani ya Kifuko

Mkono wangu wa kushoto ulikatwa Jumanne, na Ijumaa ukarudi.

Sikuwa naota. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha hospitali mchana kweupe, nakunywa uji, jua limeingia mpaka kwenye shuka. Kigutu kilikuwa kimefungwa bendeji hapa chini ya kiwiko, kinene kama mtoto mchanga aliyefunikwa kwa ajili ya baridi. Mbele yake hapakuwa na kitu, ni shuka tu. Na hapo kwenye shuka tupu ndipo ngumi ilipokaza. Nilihisi vidole vinne vimelalia kidole gumba, kucha zimeingia kwenye kiganja, na kifundo cha mkono kimezungushwa kamba ikavutwa. Nikamwaga uji wote kifuani. Muuguzi akaja mbio akidhani nimeungua, akaniita shosho kama anavyoita kila nyanya.

"Shosho, ni wapi inauma?"

Nikamwonyesha hewa.

Hakucheka, hilo nampa heshima yake. Alisema huwa inatokea, itaisha. Nikamuuliza mkono wenyewe wameupeleka wapi. "Shosho, usifikirie hayo," akasema, akaenda kutafuta kitambaa. Mimi nimezika mume, nimezika mama, nimezika kaka wawili, na kila mmoja najua amelala wapi na kichwa kimeelekea wapi. Huo mkono tu ndio sijui.

Haikuisha. Nilirudi nyumbani kwangu nyuma ya Dagoretti Corner, kidonda kikapona vizuri, hata daktari akasifu mshono, na ngumi ikaendelea kukaza. Ilikuja asubuhi nikiinama kuwasha jiko. Ilikuja kanisani katikati ya sadaka. Vidonge nilimeza vya kila rangi, vikanilaza macho tu, ngumi havikuigusa. Nilikonda. Binti yangu, anayefanya kazi kwenye duka la dawa mjini, alianza kuniangalia vile watu wanavyoangalia jeneza.

Kuna jambo sikumwambia yeye wala daktari. Kila ngumi ilipokaza, mama yangu aliingia ndani ya nyumba.

Sisemi nilimkumbuka. Nasema aliingia. Harufu ilitangulia, harufu ya mkonge uliolowekwa na moshi wa jikoni, halafu yeye mwenyewe akawa amekaa kwenye kigoda kando ya pipa la maji, amenipa mgongo, anasokota uzi juu ya paja. Mama amekufa miaka kumi na mmoja sasa. Nilimwita, "Mwaitu," maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Hakugeuka. Aliendelea kusokota, na jinsi uzi ulivyokazwa ndivyo na kifundo changu kilivyokazwa, kule ambako hakuna kifundo.

Kamba hiyo naijua. Ndiyo maana nilinyamaza.

Nilizaliwa mashoto. Kwetu mkono wa kulia unaitwa wa wanaume na wa kushoto unaitwa wa wanawake, lakini msichana akishika kijiko na ule wenye jina lake, watu wanatema mate pembeni. Mama hakuwa mkali, ila aliogopa. Aliniona siku moja nampa babu yangu maji na mkono wa kushoto, na babu akayamwaga chini bila kunywa, na nafikiri hapo aliona maisha yangu yote yamemwagika. Nani ataoa mtu wa kumpakulia mama mkwe na mkono huo? Basi alichukua gunia la unga la kitambaa, akakata kipande, akakishona kifuko kidogo. Alikishona vizuri, mishono midogo kama ya nguo ya harusi. Asubuhi aliniambia nikunje ngumi, akaiingiza kifukoni, akafunga mdomo wa kifuko na uzi wa mkonge hapa kwenye kifundo. Nilikuwa na miaka kama mitano. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukawekwa mbele yangu, nikashika kijiko na mkono wa kulia, ukatetemeka kama wa mlevi, chakula chote kikaenda kwa kuku.

Jioni, vyombo vikishaoshwa, alinifungua. Vidole vilikuwa vimekataa kunyooka. Alivinyoosha yeye, kimoja kimoja, huku akivipulizia pumzi yake. Kesho yake kifuko tena.

Nilinyooka. Shuleni nilikaa mpaka darasa la tatu tu, lakini herufi nilizoandika niliziandika na mkono wa kulia. Nilisalimia na wa kulia, nikapika na wa kulia wakwe wakiwa wameketi. Mume wangu amelala kaburini akijua alioa mtu wa mkono wa kulia. Kwa hivyo mkono huu nilio nao, unaoandika haya, ni kazi ya mama yangu. Hata vifundo vyake vya vidole ni vya mama. Ule wa kushoto ndio ulikuwa mimi.

Na ulikuwa na maisha yake. Nilipika kwenye nyumba za matajiri, Spring Valley miaka minne na Kitisuru miaka kumi na tisa, jikoni peke yangu, mlango umefungwa ili harufu ya kitunguu isifike sebuleni. Hapo nilikuwa nahamisha kisu. Ungeniona! Karoti zilianguka nyembamba mpaka unaona mwanga ng'ambo. Kuku mzima nilimtenganisha viungo kabla maji hayajachemka. Mwenye nyumba alisema mpishi kama mimi hajawahi kumpata, na alisema kweli, na sioni kwa nini nijifanye mnyonge. Akiingia mtu, kisu kilirudi kulia. Miaka kumi na tisa hakuna aliyeniona.

Halafu nikastaafu, na kanisani kwetu kukawa na harusi. Akina mama wa kikundi wakaja kwangu kukata kabeji. Tulikaa mviringo pale uani, sinia katikati, tunaimba, kila mtu na kisu chake, macho ya wote kwenye mikono ya wote. Nilishika kisu na mkono wa kulia. Kabeji mbichi ni ngumu, na mkono wa mama yangu haukujua kukata. Kisu kiliteleza kikaingia hapa chini ya kidole gumba cha kushoto. Si kidonda kikubwa. Nilikifunga kitambaa nikaendelea kuimba. Lakini nina ugonjwa wa sukari, na mtu wa sukari kidonda hakimsahau. Kilinuka, kikawa cheusi, weusi ukapanda. Wiki ya sita wakakata.

Akina mama wale wale walikuja kunipa pole, na mkate na juisi.

"Afadhali ni wa kushoto," mmoja akasema.

"Mungu ni mwema, amekuachia wa kulia."

"Huo mwingine ni wa kubebea tu."

Nikasema Amina. Ngumi ikakaza mpaka nikaona nyota, na mimi nikasema Amina.

Binti yangu ndiye aliyesikia dukani kwao habari za matibabu ya kioo. Akanipeleka kwenye kliniki moja katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa binti wa Mombasa, amejifunga hijabu ya samawati, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo.

"Shikamoo, bibi."

Sisi wa Nairobi hatuamkiani hivyo. Nilichelewa kidogo kabla ya kukumbuka marahaba.

Akanieleza pole pole. Alisema ubongo wangu haujaambiwa kwamba mkono umekwenda. Unautuma, haupati jibu, basi unazidi kuusukuma, na kule kusukuma ndio maumivu. "Sasa tutauonyesha mkono, ili utulie."

"Mkono mtautoa wapi?"

"Kwenye kioo."

"Kwa hivyo mtaudanganya."

"Tutaudanganya kwa macho, bibi. Ubongo unapenda kudanganywa."

"Nimelipa kiingilio kuja kudanganywa," nikamwambia binti yangu kwa Kikamba, naye akanifinya.

Yule mtaalamu alifungua daftari. "Katika mikono miwili, ulikuwa ukiutumia upi zaidi?"

"Wa kulia. Kwani mimi ni mtu wa ajabu?"

Akaandika. "Na huo usiokuwepo, sasa hivi umekaaje? Umenyooka? Umekunja?"

Nikaangalia dirishani. "Umekaa tu."

Hayo ni mawili niliyomdanganya kabla yeye hajaanza kunidanganya mimi.

Akasimamisha kioo katikati ya meza, upande wenye sura umeelekea kulia. Kigutu akakificha nyuma, mkono mzima akauweka mbele. "Inama kidogo. Angalia ndani ya kioo, usiangalie pengine."

Nikaangalia, na mikono ilikuwa miwili.

Ningependa kusema nilifurahi. Binti yangu alikuwa tayari anafuta machozi. Lakini mkono ule uliokaa kushoto kwangu sikuutambua. Ulikuwa na vifundo vya mama yangu. "Sasa fungua na ufunge, taratibu, mikono yote miwili," mtaalamu akasema, na mkono wa kwenye kioo ukafunguka, na mkono wangu, ule wa kweli, ukabaki ngumi pale pale. Mmoja ulikuwa unafunguka juu ya mwingine uliofungwa. Halafu ule wa kioo ukanyoosha vidole, ukaja upande wangu, kama zamani asubuhi ulivyokuja na kifuko. Harufu ya mkonge ikajaa chumba. Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Bibi! Umeona nini?"

"Kizunguzungu," nikasema. Uongo wa tatu.

Akaniambia ninunue kioo changu, nijaribu nyumbani dakika kumi asubuhi na kumi jioni, nirudi baada ya wiki mbili. Tulipita kwa fundi wa vioo mtaa wa pili.

"Shosho anataka kujirembesha," fundi akatania, huku akipima. "Mzee mpya?"

"Nataka kuona mkono."

Akaona mkono wa sweta uliokuwa ukining'inia, akazisugua kingo za kioo kuliko ilivyohitajika, zisije zikanikata.

Nyumbani nilikisimamisha mezani, nikakaa mbele yake siku tatu. Siku zote tatu ulikuja mkono wa mama, na ngumi ikakaza kuliko kabla sijaanza. Siku ya nne nikakifunika kioo na leso.

Sasa nifike kwa mjukuu wangu, ambaye nilikuwa nazunguka nisimfikie.

Yuko darasa la kwanza. Sisemi kwa sababu ni wangu, lakini ana akili ya kutisha. Anasoma mabango yote ya Ngong Road kwa sauti mpaka watu wanageuka. Mama yake, ndiye yule binti yangu, akiwa kazini, mtoto akitoka shule huja kwangu, anakula, analala kidogo, anachukuliwa jioni. Siku hiyo alikula, akashuka kitini, akafunua leso kabla sijamkataza. Akacheza. Akaweka mkono wake mbele ya kioo, akaona miwili, akacheka. Akazunguka nyuma yake kutafuta ule mwingine. Halafu akaja kwangu, akaniangalia kigutu. Nilikuwa nimekivisha soksi yake, ile waliyonipa hospitalini ili kisivimbe, nyeupe, imebana.

Akaigusa kwa kidole.

"Susu," akaniita, maana nyanya kwetu ni susu, "nani alikufunga?"

"Hakuna aliyenifunga. Mkono umekwenda."

"Haijaenda. Iko ndani ya soksi." Akanisogelea sikioni kama mtu mwenye siri. "Ulikula na mkono mbaya?"

Nikakificha kigutu nyuma ya mgongo.

"Ukikula vizuri watakufungua?"

Niliandika juu kwamba nilikuwa na miaka kama mitano nilipotiwa kifukoni. Yeye alikuwa na minne. Niliona anavyoshika kijiko, nikamwona babu yangu akimwaga yale maji. Sikusema na mama yake. Nilichukua soksi, nikaivisha ngumi yake ya kushoto, nikaifunga na mpira mwembamba, ule wa kufungia mifuko ya karanga, na kila mchana alikula hivyo. Sikuwa na hasira. Nilimpenda sana, ndio kitu kinachonitisha mpaka leo, kwamba nilimpenda huku nafunga. Baada ya kula nilimfungua, na nikikumbuka vizuri, nilimpulizia vidole. Miezi michache akanyooka. Mbele yangu alikula na wa kulia, na kwao, nilikuja kujua, alikula na wa kushoto. Darasa la kwanza na tayari ana jiko lake la Kitisuru. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimemwokoa.

Na sasa amesimama mbele yangu, anangoja nimwambie kama mimi nami nitafunguliwa.

Kando ya pipa, uzi ulikuwa unasokotwa.

Wiki ya kurudi kliniki ilikuwa ya likizo fupi ya katikati ya muhula, kwa hivyo nilikwenda na mtoto, mama yake akiwa kazini. Mtaalamu akauliza maendeleo. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia, "Binti yangu, kwenye daftari lako futa." Nikampa yote. Mashoto, kifuko, kamba, kabeji. Nilipofika kwenye soksi ya mtoto nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema, naye mtoto akiwa anachora kwenye sakafu na kalamu aliyopewa, ameishika na mkono wa kulia kwa sababu mimi niko.

Nilifikiri atanifukuza. Aliweka kalamu yake chini.

"Kwetu walinipaka shubiri," akasema. "Mkono mzima, mpaka hapa. Nikiutia mdomoni, uchungu siku nzima." Akafungua kiganja chake cha kushoto akakitazama kana kwamba bado kina rangi. "Bibi, mbona hukuniambia ngumi imefungwa? Mimi nilikuwa namwomba mtu aliyefungwa kamba apunge mkono."

Akasema tuanzie pale mkono ulipo, si pale tunapotaka uwe. Alichukua bendeji kunifunga mkono mzima mfano wa ule mwingine. Nikamwambia bendeji haifai, haiwashi. Kwenye mkoba nilikuwa nimekuja na soksi kubwa na kipande cha uzi wa mkonge. Alinitazama, akaelewa kwamba nilikuwa nimejua kabla ya kufika.

Nikakunja ngumi ya kulia, kidole gumba ndani. Akaivisha soksi, akazungusha uzi kwenye kifundo.

"Vuta," nikasema.

"Hivi?"

"Vuta, mwanangu. Mama hakuogopa kuvuta."

Akavuta. Nikainama mbele ya kioo, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nikaona kile nilichokuwa nakihisi. Ngumi ndani ya kitambaa, kamba. Ilikuwa hapo. Haikuwa wazimu. Sijui kama naweza kumweleza mtu ambaye hajaumwa mahali pasipokuwepo; ni kama kumsikia shahidi akisimama kortini. Nililia kwa sauti mbaya.

"Nani atafungua?" mtaalamu akauliza. "Mimi?"

Mtoto alikuwa ameshaacha kuchora. Alikuwa amesimama pembeni ya meza, anaangalia soksi, midomo imekaza. Nikamwambia, "Njoo unifungue."

"Umekula vizuri?"

"Sijala vizuri. Nifungue tu."

Akaja. Akaanza na mkono wa kulia, fundo likamshinda. Akaniangalia. "Na ule wako," nikasema. "Na ule unaojua." Akahamisha. Na ndani ya kioo nikaona jambo ambalo nalifikiria kila siku: mkono wake wa kushoto, kwenye kioo, ulikuwa wa kulia. Hivyo tu. Kipande cha kioo cha duka la kawaida kilikuwa kimegeuza dhambi yote ile kuwa adabu, na kidole ni kile kile, kucha ina wino ule ule. Mtu mzima nilikuwa nimefunga watu kwa kitu ambacho kioo hakikioni.

Fundo likalegea. Uzi ukaanguka. Akavuta soksi.

"Usifungue mwenyewe, bibi," mtaalamu akasema. "Acha afungue yeye."

Mtoto akainua kidole changu kidogo, akakinyoosha. Kule nyuma ya kioo, kule kwenye hewa, kidole kidogo kikasogea. Cha pili. Cha tatu. Na alipofika kwenye kidole gumba, bila kuambiwa na mtu, akainama akapuliza.

Hapo mama akanijia, lakini si yule wa asubuhi na kifuko. Alikuja yule wa mwisho, aliyelala nyumbani Ukambani, macho yameshakufa kwa mtoto wa jicho, uzito wake kama wa kikapu kitupu. Nilikuwa namlisha uji. Hakuona, na hapakuwa na mtu mwingine, basi nililisha na mkono wangu. Kijiko cha tatu au cha nne, akanishika kifundo. Akaupapasa mkono kidole kwa kidole, akafika kwenye kidole gumba, akajua kimekaa upande gani.

"Bado upo?" akauliza.

"Bado upo, mwaitu."

Nikangoja ateme. Akafungua mdomo, akapokea kijiko.

Sijui nilisahau vipi jambo hilo miaka kumi na mmoja. Nafikiri nililiweka ndani ya kifuko na lenyewe.

Jioni ile nilimwambia binti yangu. Alikuwa anasuuza vikombe.

"Ulimfunga mtoto wangu?"

"Nilimfunga."

"Na mimi? Mimi ulinifunga?"

"Wewe ulikuwa wa kulia."

Akakausha mikono yake vizuri, kidole kwa kidole. Akachukua mkoba wa shule na sweta ya mtoto, wakatoka. Wiki tatu mtoto akawa anakaa kwa jirani yao akitoka shule. Sikulalamika. Asubuhi na jioni nilikaa mbele ya kioo peke yangu, nikajivisha soksi kwa magoti, nikajifunga uzi kwa meno, nikajifungua kwa meno. Ngumi ilianza kulegea. Siku nyingine ilikaa wazi tangu chai mpaka chakula cha mchana, mkono umelala mezani nisipouona, unapoa. Siku nyingine, hasa za baridi, ilirudi na kamba yake. Mama alikuja siku zote mbili, ya wazi na ya kufungwa. Ila sasa alikuwa amekaa upande, naona shavu lake.

Jumamosi moja nikasikia mtu anasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye geti la jirani. Mlango ukafunguliwa. Binti yangu hakunisalimia mara moja, alisema tu, "Amekataa chakula cha wengine." Nikapakua.

Mwezi uliofuata akina mama wa kikundi wakaja kwangu kwa maombi. Chai ikamiminwa, binti yangu akapitisha vikombe, na mjukuu wangu akapokea chake na mkono wa kushoto, wazi, mbele ya watu kumi.

Mama mmoja, aliyekaa karibu yangu, mtu mwema, akacheka kwa upole. "Mwambie ashike na ule mzuri."

Mtoto akasimamisha kikombe njiani. Akaniangalia mimi. Kamba ikaja pale kwenye kifundo, nikaihisi imekaa tayari kuvutwa, na kando ya pipa mama yangu akainua kichwa.

"Siku ya kabeji mlikuwa mmekaa hapo uani," nikasema. "Nilishika kisu na mkono wa kulia kwa sababu mlikuwa mnaniangalia. Mimi ni mashoto. Tangu tumboni. Ule mliosema ni wa kubebea tu, ndio ulikuwa mkono wangu, na niliukata mwenyewe ili msiuone."

Hakuna aliyesema Amina. Kijiko kililia kwenye kikombe cha mtu halafu kikanyamaza. Yule mama aliyekaa karibu akaangalia mikono yake mwenyewe, akaificha chini ya leso, sikujua kwa nini, na sikumuuliza.

Mjukuu wangu akanywa chai yake.

Kamba haikuvutwa. Nikageuka polepole upande wa pipa. Mama alikuwa bado amekaa pale, ameelekea kwangu uso mzima, na mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti, mitupu, haina uzi.